Risiva tatu, nyumba moja: kusambaza sauti vyumbani bila kuunguza amplifaya

Tuelewane neno kwanza. Kwa risiva sisemi king'amuzi cha dishi. Nasema ile redio kubwa ya sebuleni yenye amplifaya ndani, yenye matundu mekundu na meupe ya RCA mgongoni na vishikizo vya waya za spika. Mwenye moja hatimaye hununua ya pili, na swali hufuata: spika ziko sebuleni, nataka na barazani kunakotazama ziwa, na jikoni, na chumbani. Naunga vipi?

Jibu ambalo wengi hupewa ni kurundika waya za spika zote nyuma ya risiva ileile. Hilo ndilo jibu linalopeleka risiva kwa fundi. Mimi nashikilia kanuni moja, na yote yafuatayo yanatoka humo: igawe sauti ikiwa bado changa. Sauti inayotoka kwenye simu, king'amuzi au kompyuta ni volti 1 au 2 hivi, na mkondo wake ni mdogo mno. Unaweza kuipeleka kwenye amplifaya nne bila yeyote kulemewa. Ikishapita kwenye amplifaya imekomaa, imekuwa wati nyingi, na kuigawa hapo kunalipiwa kwa joto.

Ohm ndiyo inayoua

Chukua spika mbili za ohm 8, ohm ikiwa kipimo cha jinsi spika inavyoupinga mkondo. Ukiziunga sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, risiva inaona ohm 4. Ukiunga nne, inaona ohm 2. Sasa tuseme risiva inatoa volti 20. Kwenye ohm 8 mkondo ni ampia 2.5, kwenye ohm 2 ni ampia 10. Transista zilezile, bati la kupozea lilelile, mkondo mara nne. Ukiwa na bahati, risiva inajizima na kuandika PROTECT. Usipokuwa nayo, transista za mwisho zinashoti, umeme wa DC, ule wa mwelekeo mmoja kama wa betri, unapita moja kwa moja hadi kwenye spika na kuchoma koili yake. Hapo umepoteza vyote viwili.

Soma maandishi ya mgongoni. Mara nyingi utakuta kwamba ukitumia jozi ya spika A peke yake au B peke yake spika ziwe ohm 6 au 8 na kuendelea, ila ukiwasha A+B kila spika iwe ohm 12 hadi 16. Watu husoma mstari wa kwanza, wanaruka wa pili. Kuunga spika mbili za ohm 8 kwa mfululizo, ile mafundi wanayoita sirizi, kunaleta ohm 16. Risiva haitalalamika, lakini nguvu inashuka hadi karibu nusu, na spika zisipokuwa za aina moja besi inachafuka kwa sababu kila moja inanyang'anya mwenzake volti kulingana na tabia yake. Nikiwa na risiva ya pili sioni sababu ya kuhangaika hivyo. Kila risiva ibebe spika zake mbili. Kila chumba kinapata kirekebisha sauti chake, na moja ikifa nyumba haikosi muziki.

Mnyororo au shina

Ziko njia mbili za kupeleka sauti changa kwenye risiva kadhaa.

Ya kwanza ni mnyororo. Chanzo, tuseme simu au king'amuzi, kinaingia kwenye AUX au CD ya risiva ya kwanza. Kisha waya wa RCA unatoka kwenye tundu lililoandikwa REC OUT au TAPE OUT na kwenda AUX ya risiva ya pili. Kutoka REC OUT ya pili unaendelea hadi ya tatu. Uzuri wa REC OUT ni kwamba sauti yake haifuati kitufe cha voliumu: ukipunguza sebuleni, baraza inabaki ilivyo. Tundu la PRE OUT ni tofauti. Lenyewe linafuata voliumu ya risiva ya kwanza, kwa hiyo ukilitumia, sebule inakuwa bosi wa nyumba nzima. Wako wanaotaka hivyo, chagua ukijua.

Mambo manne huharibu mnyororo. Usiingize waya kwenye PHONO. Tundu hilo ni la sahani za santuri, linaikuza sauti takriban mara 100 zaidi na kuibadili besi na trebo, kwa hiyo utasikia mkwaruzo mtupu. Usirudishe REC OUT kwenye TAPE IN ya risiva ileile, maana sauti inaweza kuzunguka na kupiga mluzi. Risiva za sinema zenye ZONE 2 zinafaa sana kwa kazi hii, lakini nyingi za zamani hupeleka Zone 2 sauti iliyoingia kwa RCA tu. Iliyoingia kwa HDMI au waya wa optiki haifiki, na mtu hudhani tundu limekufa. La mwisho huwachanganya hata mafundi: risiva nyingi zikizimwa haziipitishi sauti kwenye REC OUT, au mbaya zaidi, zinaivuta na kuifanya ikwaruze kwenye zile zilizowashwa. Ukisikia baraza inakwaruza pale tu sebule inapozimwa, usifungue spika. Washa risiva ya sebule ukaache voliumu sifuri.

Njia ya pili ni shina. Chanzo kimoja, vigawanyio vya umbo la Y, kila risiva inachota kutoka mahali pamoja. Hesabu yake ni salama: tundu la kuingizia la risiva kwa kawaida lina kilo-ohm 47 hivi, nne kwa pamoja ni karibu kilo-ohm 12, na chanzo chenye ohm 1,000 au chini yake hakitahisi mzigo huo. Kuanzia risiva tano na kuendelea, tumia kisambazaji chenye umeme wake. Mimi napendelea shina, kwa sababu ugonjwa wa risiva moja hauwi msiba wa zote.

Kigawanyio cha Y kinagawa, hakichanganyi. Usikitumie kuunga simu na king'amuzi kwa pamoja kuelekea tundu moja, maana kila chanzo kitakuwa kinasukuma ndani ya mwenzake. Nunua swichi ndogo ya RCA. Na kamwe, kwa sababu yoyote ile, usiunge matokeo ya spika ya risiva mbili kwenye spika moja ili ipate nguvu zaidi. Amplifaya mbili zitasukumana na moja itakufa. Kwa vile vibodi vidogo vya amplifaya vya kisasa vya volti 12 hadi 24, ongeza tahadhari: mara nyingi waya hasi wa spika siyo ardhi, una sauti vilevile. Ukiugusisha na chasisi au na hasi ya chaneli nyingine, kibodi kinaungua papo hapo.

Mvumo, na mawe ya Mwanza

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Risiva zote zimeungwa vizuri, muziki unapiga, lakini chini yake kuna mvumo wa "mmmmm" usiobadilika hata ukipunguza muziki. Ni umeme wenyewe, hezi 50, au mara mbili yake, 100.

Chanzo chake ni ardhi mbili. Kompyuta imechomekwa kwenye soketi ya sebule yenye waya wa ardhi; risiva ya chumba cha nyuma imechomekwa kwenye soketi nyingine; dishi limeshikwa kwenye bomba la chuma juu ya paa. Sehemu hizo zikitofautiana kwa nusu volti tu, mkondo mdogo unapita kwenye kava ya nje ya waya wa RCA, na amplifaya haijui kuwa huo si muziki. Inaukuza.

Kwetu Mwanza tatizo hili lina mizizi ya kijiografia. Nyumba za Mabatini, Igogo, Bugarika na milima mingine ya mji zimekaa juu ya mwamba au katikati ya mawe. Fimbo ya ardhi ikigonga jiwe baada ya futi mbili haiendi mbele, na udongo mwembamba juu ya mwamba hupitisha umeme vibaya, hasa kiangazi unapokauka. Nyumba iliyoongezwa vyumba kwa awamu inaweza kuwa na fimbo mbili tofauti, moja ya nyumba kubwa na moja ya banda la uani. Ukipitisha RCA kati ya majengo hayo mawili umeshajitafutia mvumo.

Utafute hivi. Chomoa RCA zote, acha spika na umeme. Kukiwa kimya, risiva ni nzima. Rudisha waya mmoja mmoja, ukisikiliza kila mara, hadi mvumo uanze. Wa mwisho kuchomekwa ndio njia yake. Ikiwa ni king'amuzi, fungua waya wa dishi uone kama mvumo unakata. Ikiwa ni kompyuta ya mkononi, chomoa chaja. Mara nyingi ni mojawapo ya hayo mawili.

Tiba ya kwanza ni bure: chomeka risiva zote na chanzo kwenye soketi moja kupitia ekstensheni moja nzuri. Tiba ya pili ni kile kiboksi kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinachowekwa katikati ya waya wa RCA na kukata njia ya ardhi huku sauti ikipita. Vya bei rahisi hupunguza besi ya chini kidogo, lakini afadhali hivyo kuliko mvumo. Tiba ambayo si tiba ni kukata waya wa ardhi kwenye plagi. Mvumo utaisha, ni kweli. Siku waya wa umeme ukigusa chasisi ndani, fyuzi haitakatika, na mtoto atakayeshika kitufe atakuwa ndiye ardhi.

Kwa sababu hiyo ninashauri risiva zote zikae pamoja, sebuleni au kwenye kabati la ukumbini, na kinachosafiri kwenda vyumbani kiwe waya wa spika. RCA ibaki fupi, mita 1 au 2. Waya wa spika haushiki mvumo kirahisi hata ukiwa mrefu. Unachopoteza ni kutoweza kuzungusha kitufe ukiwa barazani, lakini ukishapanga viwango mara moja, simu inatosha kupandisha na kushusha. Kama lazima RCA isafiri, usipite mita 10, uwe waya wenye kava nzuri, na uwe sentimita 30 mbali na waya za umeme. Zikikutana, zikatize kama msalaba, zisitembee sambamba ndani ya paipu moja.

Unene wa waya

Waya wa spika usile zaidi ya asilimia 5 ya ohm za spika. Kwa spika ya ohm 8, hiyo ni ohm 0.4, kwenda na kurudi. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina ohm 0.0115 kwa mita. Chumba kilicho mita 15 kinahitaji mita 30 za njia, yaani ohm 0.34, inafaa. Kwa mita 20 inafika 0.46, kwa hiyo panda hadi 2.5, utapata 0.28. Ule waya mwembamba wa 0.75, ambao huuzwa kwa rangi nyekundu na nyeusi, kwa mita 15 unakula karibu ohm 0.7, besi italegea na utalaumu spika.

Angalia pia unachouziwa. Waya mwingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Unafanya kazi, lakini ukinzani wake ni kama mara moja na nusu, kwa hiyo chukua unene unaofuata. Fleksi ya umeme ya shaba, ya nyuzi nyingi, ni waya mzuri kabisa wa spika. Weka tu alama ncha zote mbili, na usiifunge plagi hata kwa muda, maana kuna siku mtu ataichomeka ukutani.

Kugeuza chanya na hasi kwenye spika moja hakuunguzi kitu, ila besi inatoweka, kwa kuwa koni moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Waya ukishazama ukutani na alama zimefutika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja, risiva ikiwa imefunguliwa kabisa kutoka kwenye waya huo. Koni ikitoka nje, waya ulioko kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Mwangwi usio na sababu

Sebule na baraza zinapiga wimbo mmoja, lakini moja inachelewa. Sauti hewani inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mita 10 ni kama milisekunde 30, na sikio halilalamiki sana. Bluetooth lakini huchelewesha milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi, na kila kifaa kina ucheleweshaji wake. Risiva moja ikipokea kwa waya na nyingine kwa Bluetooth, mwangwi ni wa lazima. Nunua kipokezi kimoja cha Bluetooth, kiweke kwenye shina kabla ya vigawanyio, zote zichelewe pamoja. Risiva ya sinema nayo huchakata sauti kabla ya kuitoa. Iweke kwenye DIRECT, hali inayopunguza uchakataji huo, na kama ina kipimo cha kuchelewesha sauti ili ilingane na picha, kirudishe sifuri.

Risiva ya mtumba kabla haijagusa spika

Geuza mgongo usome umeme wake. Yetu ni volti 230, hezi 50. Ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja imekwisha. Inahitaji transfoma ya kushusha, na kwa ya Japani usikubali ya 110 kama unaweza kupata yenye 100 kamili: umeme ukipanda kidogo usiku, 110 inakuwa 115 na transfoma ya ndani inachemka. Risiva inayokula wati 300 ipewe transfoma ya VA 500. Halafu jua kuwa FM ya Japani ilianza kwenye 76 na kwa miaka mingi iliishia 90, kama redio za magari yanayotoka huko, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hutazipata. Kwa AUX haijalishi.

Kisha pima DC. Washa bila spika, voliumu sifuri, subiri dakika moja, weka multimita kwenye volti za DC kati ya chanya na hasi ya kila tokeo la spika. Chini ya milivolti 50, vizuri. Ikizidi 100, mrudishie fundi. Ukiona volti kadhaa, usiunge spika yoyote hapo.

Umeme wa nyumba

Risiva nne za wati 300 zikikoroma zote ni wati 1,200, ampia 5 na kidogo. Plagi ya ampia 13 inazibeba. Tatizo ni zinapokuwa zimewashwa bila kupiga. Risiva ya kawaida inakula wati 40 hivi ikiwa kimya. Nne kwa saa 10 ni yuniti 1.6 za LUKU kwa siku, yuniti 48 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifu ya D1, ile ya nyumba zenye matumizi madogo, yenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, amekwisha tumia zaidi ya nusu kabla ya kuwasha friji. Zima usiyoisikiliza, ukikumbuka lile la mkwaruzo. Kuwasha kuanzie kwenye chanzo, risiva za mwisho. Kuzima kinyume chake, ili ule mlio wa "tap" usifike kwenye koni.

Umeme ukikatika, zima swichi za ukutani, na ukirudi subiri dakika tatu. Kile kilinzi kinachouzwa kwa ajili ya friji kinafanya kazi hiyohiyo.

Radi ni jambo la peke yake. Ziwa hutengeneza mvua za radi usiku, na nyumba za pembezoni huzipokea alfajiri watu wakiwa wamelala. Kilinzi hakizuii radi. Vuli na masika, ukienda kulala chomoa plagi na ufungue waya wa dishi na wa antena ya FM, kwa sababu risiva nyingi hufa kupitia antena huku plagi ikiwa ukutani bila hatia.

Joto nalo. Usibebanishe risiva, acha sentimita 10 juu ya kila moja, na kile kitambaa kizuri cha kufuma kihamie kwenye meza. Matundu ya juu ndiyo pua yake.

Wakati wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi, wale wadogo wanaofuata taa, huingia matunduni wakafia juu ya bodi. Mizoga yao ikichanganyika na unyevu wa ziwa inashika vumbi na kuleta kutu ya kijani kwenye vishikizo vya spika. Weka wavu wa dirisha kwenye upande wa kabati ulio wazi, usiufunike mgongo wa risiva wenyewe. Kila baada ya msimu, chomoa, acha nusu saa kapasita zimalize chaji, fungua kifuniko, safisha kwa brashi laini iliyo kavu. Kata sentimita 1 ya ncha ya kila waya wa spika ulioota kijani, menya upya, kaza.